Kola ya Karatasi

Watu wa kwanza kuamini kwamba nyumba imeshakwenda hawakuwa benki wala dalali. Walikuwa wateja. Rangi nyekundu ilikuwa haijakauka vizuri ukutani, NYUMBA HII INAUZWA KWA MNADA, na namba ya simu ya dalali chini yake, walipoanza kuja mmoja mmoja kudai vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mmoja alisema amebadili mawazo kuhusu mshono. Mwingine alisema sherehe imeahirishwa, na hakusema hadi lini. Wa tatu, muuguzi ambaye hajawahi kumung'unya maneno, alisema ukweli.

"Si kwamba sikuamini, Mama Kola. Ila siku wakija kufunga mlango, kitambaa changu kitakuwa ndani."

"Nakuelewa, dada yangu," alisema Mama Kola, akakikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyokipokea. Akafungua droo ya mashine akamrudishia na pesa yake ya advansi. Muuguzi aliipokea akiangalia pembeni.

Jina la Mama Kola alipewa na wateja hao hao, kwa sababu kola alizoshona yeye hazikujikunja hata shati lifuliwe mara mia. Alishonea sebuleni, mashine ikitazama dirisha la barabarani, na kwa hiyo kila aliyesimama nje kusoma maandishi ya dalali alisimama hatua tatu kutoka usoni pake. Wengine walisalimia. Wengine walisoma mpaka mwisho, wakanakili namba ya simu, ndipo wakasalimia. Kufa kufaana; nyumba ya mnada huwa rahisi.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Mkopo aliuchukua yeye, akaweka hati ya nyumba, akanunua shehena ya kompresa ambazo zilipofunguliwa zaidi ya nusu zilikuwa zimekufa tangu huko zilikotoka. Sasa alikaa uani kutwa nzima kati ya friji za watu, bisibisi mkononi, bila kufungua chochote. Mama yake, bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alikaa kwenye kizingiti akichambua mchele na kuhesabu waliopita.

"Leo wamesoma kumi na wanne," alisema. "Kitabu changu cha dini hakijawahi kupata wasomaji hao."

Kesi ilikuwa Alhamisi. Wakili wao, ambaye ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la watu wengine, alikuwa ameshawaeleza kwamba kesi nzima imesimama kwenye jambo moja. Sheria inataka benki impe mkopaji notisi ya siku sitini kabla ya kuuza nyumba. Benki inasema ilituma notisi kwa mkono wa mjumbe mwezi wa pili, na imeleta nakala. Wao wameapa kwa maandishi, mume na mke, kwamba hawakupokea notisi yoyote. Mjumbe mwenyewe ameacha kazi na hajulikani alipo. Kwa hiyo ni neno lao dhidi ya nakala ya benki.

"Shikilieni hapo hapo," wakili alisema. "Msiongeze, msipunguze."

*

Jumanne asubuhi Mama Kola alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, mashati arobaini ya shule. Mwalimu mkuu hakuwa amekuja kuchukua vitambaa, labda kwa sababu hakupita mtaa ule. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akanyoosha mkono kwenye msumari ukutani ambako zilining'inia karatasi zake za kukatia: mikono, mifuko, mabega, kola, kila saizi na uzi wake. Karatasi hizo alizikata kutoka kwenye lolote lililopatikana, magazeti, kalenda za mwaka jana, mitihani ya watoto wa jirani. Chini ya meza palikuwa na boksi la karatasi kuukuu, na kila mtu nyumbani alijua kwamba karatasi isiyotakiwa hutupwa humo.

Alichukua kola ya saizi ya kati, ile ya karatasi nzito. Alikumbuka kuikata shule zilipokaribia kufunguliwa, kwa haraka, akafurahi kupata karatasi ngumu isiyochanika chaki inapopita. Aliilaza juu ya kitambaa, akaizungusha chaki, akaigeuza ili akate upande wa pili. Ndipo akaona maandishi yaliyopigwa kwa mashine.

Hakuwahi kuyasoma. Fundi akikata hatazami maneno, anatazama ukingo. Sasa aliyasoma akiwa amesimama, mkasi mkononi. "...nakutaarifu kwamba hadi tarehe ya barua hii deni lako ni milioni kumi na nane, laki nne na elfu sitini, na unatakiwa kulipa lote bila kubakiza..." Sentensi iliishia pale mkasi ulipopinda kufuata shingo. Mstari wa chini ulisema "...nyumba uliyoweka dhamana itauzwa..." na pembeni palikuwa na nusu ya muhuri wa bluu, ile nusu isiyo na tarehe.

Alikaa. Mashine ilikuwa mbele yake na mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, lakini hakushona. Aliwaza kile kiapo alichotia sahihi mbele ya wakili, mkono ukiwa umetulia kwa sababu alijua anasema kweli.

"Mama," alimwita mkwewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Naomba uniitie mwanao."

*

Baridi aliiona kola kabla ya kumwona mkewe. Akabaki amesimama mlangoni.

"Hii ilifikaje kwenye boksi langu?" mkewe aliuliza.

"Niliitia mimi."

"Kwa nini humo?"

Alijikuna shingo. "Kwa sababu humo hakuna anayesoma. Nilisema nitaitoa nikipata pesa. Nilipoitafuta sikuiona, nikashukuru Mungu. Nikajua imetupwa."

"Ukashukuru Mungu."

"Nilikuwa nimechoka, mama. Kila ukinitazama nilikuwa naona unauliza." Aliketi kwenye stuli ya wateja. "Halafu wakili akaniuliza, notisi ililetwa? Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ningesemaje mbele yako? Nikasema hapana. Yule mtu akafurahi, akapiga meza, akasema basi tuna kesi. Tangu hapo sikupata pa kurudi."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshikilia fremu ya mlango kwa ajili ya magoti. "Mficha uchi hazai," alisema. 

"Ilikuja lini?" Mama Kola aliuliza.

"Mwezi wa tano. Nakumbuka kwa sababu dalali alikuja na kopo lake la rangi hata wiki mbili hazijaisha."

"Mwezi wa tano? Benki inasema mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili hapakuja kitu. Hilo naapa."

"Usiape," alisema mkewe. "Kwa leo usiape."

Lakini alikuwa ameshaelewa, na mumewe naye alielewa akimtazama. Barua iliyofika ilikuwa na tarehe yake juu. Tarehe hiyo ingeonyesha kwamba benki ilitoa siku kumi na kitu badala ya sitini, na kwamba nakala ya mwezi wa pili ilitungwa baadaye. Kilichotakiwa ni kile kipande cha juu, upana wa vidole vitatu, alichokikata yeye mwenyewe.

Walimwaga gunia la mabaki katikati ya sebule. Walipiga magoti wote wawili, wakapekua vipande vya karatasi kimoja kimoja, vingi havizidi ukucha, vumbi la chaki likiwapaliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kufanya kazi moja pamoja. Mama Kola alipata robo ya kalenda. Baridi alipata barua ya mapenzi ya mtoto wa mtu. Tarehe hawakuipata.

"Mnatafuta karatasi ngumu ngumu nyeupe?" bibi aliuliza hatimaye. "Zile ndizo nilikuwa nawashia jiko. Zinashika moto vizuri."

Yeye mwenyewe aliinama taratibu, akaanza kurudisha vipande kwenye gunia.

*

Wakili chini ya ngazi aliitazama kola kwa nukta moja tu, akaisukuma irudi upande wa pili wa meza kwa ncha ya kalamu.

"Sijaiona hii," alisema.

"Umeiona, wakili."

"Mama, sikiliza. Sijaiona. Kwa nusu hii unathibitisha kwamba notisi ilifika. Nusu ya kuthibitisha kwamba ilichelewa huna. Yaani umekuja na ushahidi wa benki umeubeba kwenye mkoba wako mwenyewe. Tena kiapo chenu kinageuka kuwa cha uongo, na hilo ni kosa la jinai. Nenda nayo nyumbani, mpe mama mkwe awashie chai."

Juu ya vichwa vyao watu walipanda ngazi na mchanga ukaanguka kwenye mafaili. Wakili aliupangusa kwa mkono, kwa mazoea.

"Na nikiulizwa?" alisema Mama Kola.

"Utajibu kama ulivyoapa. Mengine niachie mimi." Akakohoa. "Na ile nusu ya ada iliyobaki, msinisahau. Mimi pia nimepanga hapa."

Mama Kola alirudi kwa miguu ili kuokoa nauli. Mkobani alikuwa na kola, na kila alipopita jaa la taka alijiambia ataitupa kwenye jaa linalofuata.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia, na feni ilizunguka bila kuleta upepo. Baridi alikaa benchi la nyuma amevaa shati aliloshonewa na mkewe mwaka alioanza biashara. Wakili wa benki alikuwa kijana mpole mwenye kucha safi. Mama Kola alipoapishwa na kupanda kizimbani, kijana yule alimwamkia kwanza, "Shikamoo, mama," na watu wawili watatu wakacheka kidogo.

"Marahaba."

"Unajua kusoma, mama?"

"Najua."

"Ongeza sauti, mheshimiwa hakimu akusikie."

"Najua kusoma."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Unashonea nyumbani. Kwa hiyo uko nyumbani kutwa. Mjumbe akija, wewe utamwona?"

"Nikiwa nimeinama kwenye mashine naweza nisimwone."

"Umeinama tangu mwezi wa pili?" Watu wakacheka tena. Kijana hakucheka. "Nakuuliza swali moja tu, mama yangu. Mwaka huu, ndani ya nyumba yako, iliwahi kuingia barua ya benki inayosema nyumba itauzwa?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Wakili wake alikuwa ameshaangalia kwenye makaratasi yake, akisubiri hiyo hapana ipite. Lakini Mama Kola alijua mshono mbovu unavyokuwa: unaweza kuupiga pasi, unaweza kuuficha chini ya pindo, na siku mteja akiinama unafumuka mbele za watu. Bora ufumuliwe mezani na aliyeushona. Tena alikuwa amechoka. Tangu Jumanne alikuwa akiishi na ile hapana kinywani kama mtu aliyezuia pini kwa midomo, na hawezi kuongea na mtu.

"Iliingia," alisema.

Wakili wake alifumba macho. Nyuma, benchi lililia Baridi aliposogea.

"Niliapa kwamba haikuingia, na siku ile nilidhani nasema kweli. Mume wangu aliificha kwa aibu. Mimi nikaikata bila kuisoma." Alifungua mkoba. "Hii hapa."

Ilipita mkono hadi mkono mpaka kwa hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye aliigeuza mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Ni kola, mheshimiwa. Ya shati la shule, saizi ya kati."

Safari hii walicheka mpaka karani. Kijana wa benki alingoja kicheko kiishe, kwa adabu, akijua ameshinda. Alichukua nakala ya benki kwenye faili, akaisogeza mbele ya shahidi pamoja na ile kola.

"Basi tumalize, mama. Thibitishia mahakama kwamba kola hii umeikata kutoka kwenye barua kama hii."

Mama Kola aliitandaza nakala juu ya ukingo wa kizimba akailainisha kwa kiganja. Aliilaza kola juu yake kama anavyoilaza juu ya kitambaa, akaanza kuisogeza. Alitafuta neno "dhamana" likutane na "dhamana". Lilipokutana, mistari ya juu ilikataa. Aliposhusha, ya juu ikakaa, ya chini ikakimbia. Akajaribu tena, taratibu, bila haraka, kama mtu aliye kazini kwake.

"Haikai," alisema.

"Unasemaje?"

"Kola hii haikukatwa kwenye karatasi hii. Hizi ni barua mbili." Sasa aliona na kilichokuwa kikisukuma mistari. "Yenu inasema deni ni milioni kumi na saba na laki moja. Hii iliyokuja kwangu inasema milioni kumi na nane, laki nne na elfu sitini. Na inasema hadi tarehe ya barua hii."

Hakimu aliomba vyote viwili, akaviweka sawa mbele yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba taarifa ya mkopo, ile ile ambayo benki yenyewe ilikuwa imeileta kuthibitisha deni, akashusha kidole kwenye safu ya mwisho, mwezi kwa mwezi.

"Wakili," alimwambia yule kijana, "kwa hesabu za mteja wako, deni lilifika milioni kumi na nane, laki nne na elfu sitini tarehe ngapi?"

Kijana alitafuta kwenye nakala yake.

"Tarehe tisa mwezi wa tano, mheshimiwa."

"Na dalali alipaka rangi lini?"

"Tarehe ishirini mwezi wa tano."

Hakimu aliandika. Tarehe ilikuwa imeungua jikoni, lakini deni lilijitaja lenyewe.

*

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili, haraka haraka, kwa sababu kulikuwa na kesi nyingine kumi na moja. Mnada umezuiwa, kwa kuwa notisi ya siku sitini haikutolewa kama sheria inavyotaka. Mke na mume wamekanywa vikali kuhusu viapo. Kuhusu nakala ya mwezi wa pili, benki ipeleke maelezo kwa maandishi. Deni liko pale pale, na benki ina haki ya kutoa notisi mpya. Kila upande ujilipie gharama zake. Kola itabaki mahakamani kama kielelezo namba tano.

"Tumeshinda," alisema wakili kwenye korido, akimshika Baridi mkono kwa mikono miwili. "Mnaona? Nilisema mniachie mimi."

Nyumbani bibi aliuliza mara mbili, kwa sababu hakuelewa mara ya kwanza.

"Mmeshinda nini?"

"Siku sitini, mama," alisema Mama Kola.

Bibi alirudi kwenye mchele wake. "Dawa ya deni kulipa," alisema baadaye, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Baridi alianza kufungua friji. Katika zile kompresa zilizokufa alipata tatu ambazo vyuma vyake viliweza kuungwa na kufanya moja hai, na akauza friji mbili za watu waliokuwa wameshasahau kuzifuata, kwa ruhusa yao, nusu kwa nusu. Haikutosha. Kila mtu nyumbani alijua haitoshi, na hakuna aliyeacha kazi kwa sababu hiyo.

Siku ya sita pikipiki ilisimama mbele ya dirisha. Mjumbe mpya, daftari kwapani, bahasha mkononi. Mama Kola alimwona Baridi akiinuka uani, akamwona akisita pale mlangoni, mkono ukiwa umeenda mfukoni wenyewe. Aliendelea kushona ukingo wa mfuko.

Baridi alisaini daftari. Akaileta bahasha ndani, bado imefungwa, akaiweka juu ya meza ya mashine mbele ya mkewe.

"Isome wewe," alisema mkewe. "Kwa sauti. Mama naye asikie."

Aliisoma yote, kuanzia tarehe, kwa sauti iliyokauka. Milioni kumi na tisa na laki mbili. Siku sitini. Alipomaliza, bibi alisema "Haya." Mama Kola aliipeleka kwenye ukuta wa nje, akaipigilia misumari miwili pembeni ya rangi nyekundu ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa.

"Watu wataiona," alisema Baridi.

"Waione."

Kisha akarudi ndani, kwa sababu mashati yalikuwa yamefika thelathini na moja, na yaliyobaki yalikuwa ya saizi ya kati, na kola ya saizi ya kati ilikuwa mahakamani. Alipekua boksi chini ya meza. Magazeti matupu, mepesi. Baridi alitoka uani, akarudi na karatasi moja nzito, ngumu, iliyotoka ndani ya mlango wa friji kuukuu. Akachukua penseli na mkasi mezani.

"Nionyeshe shingo inavyopinda," alisema. "Nikukatie."

"Isome kwanza."

"Ni karatasi ya friji tu, mama."

"Isome. Pande zote mbili."

Baridi aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma. Usiweke friji karibu na jiko. Usiisukume ikiwa na vyakula ndani. Ikihamishwa, iache isimame saa sita kabla ya kuiwasha. Bibi kwenye kizingiti alianza kucheka, kicheko chembamba kilichomtonesha magoti, lakini Mama Kola hakucheka. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, mpaka anuani ya kiwanda na namba ya simu. Baridi akageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu, na hilo pia alilisema kwa sauti.

"Haya," alisema mkewe, akamsogezea chaki. "Sasa kata."